Gemu za Visa na Mafumbo: Zilikosa Wapenzi au Zilishindwa na Gharama Zake?

Tarehe 22 Februari 1999 kampuni ya Sierra iliifunga studio yake ya Oakhurst, mji mdogo wa milimani huko California, mahali zilipotungwa gemu zilizoipa jina duniani. Wafanyakazi waliiita siku hiyo Jumatatu ya msumeno. Mwezi Machi 2004 LucasArts nayo ikaifuta Sam & Max: Freelance Police ilhali gemu yenyewe ilikuwa inakaribia kutoka, ikaeleza kwamba hali ya soko na hesabu za kiuchumi haziruhusu. Kati ya matangazo hayo mawili ndipo wengi huchimba kaburi la gemu za visa na mafumbo: zile ambazo mchezaji hupita mahali hadi mahali, akaokota hiki, akazungumza na yule, akaufungua mlango kwa akili badala ya risasi. Hazitaki vidole vyepesi, zinataka subira. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa mstari wa mbele kwenye kompyuta za nyumbani. Kufikia 2004 hakuna kampuni kubwa ya Marekani iliyotaka hata kuzisikia.

Nani aliziua? Mjadala huo haujaisha, na kila anayeuingia huja na mtuhumiwa wake mkononi. Nitawapa nafasi watatu. Wa kwanza ni Mhasibu, asiyeamini kitu kisicho na tarakimu. Wa pili ni Mkereketwa, mzee aliyezicheza enzi zile zinauzwa kwenye diski za floppy na ambaye mpaka leo anaamini alidhulumiwa. Wa tatu ni Kijana, aliyezaliwa mazishi yakiwa yamekwisha. Kila mmoja ana kipande cha ukweli. Mimi nitatetea hoja ambayo sidhani kama kuna anayeipenda kati yao: wapenzi hawakuzikimbia gemu hizi. Kilichoziangusha ni gharama ya kuzitengeneza, iliyopanda kwa namna ambayo aina hii ya gemu haina njia ya kuilipa, haikuwa nayo wakati ule na haitakuwa nayo. Maisha yake yamo kwenye udogo, na kila anayetaka kuzirudisha kwenye ukubwa huzirudisha kwenye maradhi yaleyale.

“Ndugu mwandishi, unazunguka mbuyu,” anaanza Mhasibu. “Desemba 1993 ilitoka Doom. Mtu akiimaliza anaianza upya, anamwita mwenzake, wanawindana kwenye mtandao wa ofisi usiku kucha. Mwaka 1996 zikaja kadi za grafiki za Voodoo, na mwaka huohuo Tomb Raider. Wateja waliona kipya, wakakiacha cha zamani. Soko halina chuki na mtu.” Tarehe zake ni sahihi, hitimisho lake silo. Miezi michache kabla ya Doom, mwaka huohuo wa 1993, ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, walitoa Myst: kisiwa kitupu, hakuna adui, hakuna wa kumpiga, mchezaji anabofya picha moja baada ya nyingine akichunguza vitabu na mitambo. Ilinunuliwa zaidi ya nakala milioni sita, ikakalia kiti cha gemu ya kompyuta iliyouzwa kuliko zote mpaka The Sims ilipoipita mwaka 2002. Kwa maneno mengine, katika miaka yaleyale ambayo tunaambiwa wateja walichoshwa na kutembea polepole na kufikiri, gemu iliyoongoza kwa mauzo ilikuwa ya kutembea polepole na kufikiri. Kama wapenzi waliondoka, hao mamilioni walikuwa akina nani?

Tofauti ya Doom na gemu za visa tusiitafute kwenye idadi ya wanunuzi. Tuitafute kwenye bei ya saa moja ya kucheza. Ndani ya Doom zimwi moja lililochorwa vizuri linaweza kuwekwa kwenye kila kona ya kila jengo na bado likatisha, na wachezaji wawili wakipambana wao kwa wao, kila mmoja anakuwa burudani ya mwenzake bila mtengenezaji kutoa senti. Gemu ya visa haina faraja hiyo. Chumba kilichochorwa kwa wiki tatu hupitiwa kwa dakika tano. Sentensi aliyolipwa mwigizaji kuisoma husikika mara moja. Kitendawili kikishateguliwa kimekwisha. Mwaka 1980 hilo halikumuumiza mtu: Mystery House ilitengenezwa na mke na mume, Roberta na Ken Williams, waanzilishi wa Sierra, michoro yake ikiwa mistari myeupe tu kwenye kioo, ikauzwa dola 24.95. Mwaka 1995 Roberta yuleyule alitoa Phantasmagoria, gemu iliyojaza diski saba za CD kwa sababu ndani yake walirekodiwa waigizaji wa kweli. Bajeti ilianza kwenye dola 800,000 ikaishia kwenye dola milioni 4.5, mbali na studio ya filamu iliyojengwa kwa ajili yake. Iliuzwa vizuri sana, ndiyo. Lakini ukimuuliza aliyeinunua amepata nini zaidi ya yule wa 1980, mafumbo hayakuongezeka, na kwa kweli yalikuwa mepesi zaidi. Kilichoongezeka ni mapambo. Ukiona vyaelea vimeundwa, na safari hii aliyeviunda alikuwa akidai mshahara wa Hollywood.

“Hata gemu za kupiga risasi zilipanda gharama,” Mhasibu anapinga. “Mbona zenyewe hazikufa?” Swali zuri, na jibu lake ndilo uti wa mgongo wa hoja yangu. Mtaji uliowekwa kwenye gemu ya kupiga risasi huzaa. Id Software, waliotengeneza Doom, waliijenga injini ya gemu ya Quake mara moja, kisha wakaikodisha kwa wengine. Valve wakaichukua, wakaifumua, wakatoa Half-Life Novemba 1998, na juu ya Half-Life wachezaji wenyewe, bila kulipwa, wakaunda Counter-Strike. Mtaji wa gemu ya visa huliwa. Tazama LucasArts. Kuanzia Maniac Mansion ya 1987 hadi The Curse of Monkey Island ya 1997 walitumia mfumo mmoja, SCUMM, wakiukarabati kila mara, na katika muongo huo walitoa gemu moja baada ya nyingine. Mwaka 1998 walipotaka kwenda na wakati kwa michoro ya 3D, walilazimika kujenga mfumo mpya kwa ajili ya Grim Fandango. Wakosoaji waliisifu mpaka wakaishiwa maneno, lakini dukani haikufua dafu. Mfumo ule mpya uliwahudumia kwa gemu mbili tu, ya pili ikiwa Escape from Monkey Island ya mwaka 2000, kisha ukawekwa kabatini. Muongo mmoja kwa mfumo wa kwanza, gemu mbili kwa wa pili. Mhasibu hahitaji mimi nimfanyie hesabu hiyo. (Na kuna kejeli ambayo siwezi kuipita: kampuni iliyoichapisha Half-Life ni Sierra, miezi mitatu kabla ya kuifunga Oakhurst.)

Hapo Mkereketwa hawezi kunyamaza tena. “Mbona hamsemi wizi? Sierra ilinunuliwa na kampuni ya CUC mwaka 1996, na mwaka 1998 ikagundulika kwamba vitabu vya CUC vilikuwa vimepikwa kwa miaka. Gemu zetu hazikufa, mzee mwenzangu, ziliuawa na watu wa suti.” Ni kweli, kashfa ile ni moja ya udanganyifu mkubwa wa hesabu katika historia ya makampuni ya Marekani, na Mhasibu afadhali aangalie chini tunapoitaja. Lakini LucasArts haikununuliwa na matapeli. Ilikuwa mali ya George Lucas, ilikuwa na fedha za Star Wars, na bado ikafikia uamuzi uleule miaka mitano baadaye. Nyumba mbili zikianguka, moja ikiwa imechomwa moto na nyingine haikuguswa na kiberiti, mchunguzi makini atautazama msingi.

Kijana anacheka. “Wazee wangu, mnaogopa kusema kilicho wazi. Mafumbo yenyewe yalikuwa upuuzi.” Anao ushahidi, tena ule maarufu kuliko wote. Katika Gabriel Knight 3, iliyotoka mwaka 1999, Gabriel anataka kukodi pikipiki kwa jina la rafiki yake Mosely. Ili afanane na Mosely anahitaji masharubu, ingawa Mosely hana masharubu. Kwa hiyo mchezaji anabandika utepe wa gundi kwenye tundu la banda, anamnyunyizia paka maji ili akurupukie tundu lile, manyoya yananasa kwenye utepe, anayashikiza juu ya mdomo kwa shira, halafu anaichukua pasipoti ya Mosely na kuichora masharubu kwa kalamu ili picha ifanane na uongo. Mwaka 2000 mchambuzi Erik Wolpaw aliandika makala kuhusu paka huyo, akahitimisha kwamba gemu hizi hazikuuawa na mtu, zilijinyonga zenyewe. Watu waliicheka makala ile kwa sababu ilisema kweli. Na Sierra walikuwa na madhambi ya zamani zaidi. Katika King's Quest V ya mwaka 1990 kuna andazi la krimu ambalo mchezaji mwenye njaa anaweza kulila. Akilila, saa kadhaa baadaye atakutana na zimwi la thelujini ambalo hupigwa kwa andazi hilohilo na si kitu kingine. Gemu haimwambii kwamba amekwisha. Inamwacha azunguke tu.

Hata hivyo hoja ya Kijana inachechemea kwenye kalenda. Ron Gilbert wa LucasArts aliyaandika makosa haya yote mwaka 1989, na mwaka uliofuata akatoa The Secret of Monkey Island, ambamo mchezaji hawezi kukwama kwa kosa la jana na karibu hawezi kufa. Dawa ilipatikana miaka kumi kabla ya mazishi. Kama mafumbo mabovu ndiyo yaliyoua, waliotumia dawa wangepona na wasioitumia wangekufa. Walikufa wote. Nadhani ukweli wa mafumbo uko mahali pengine, karibu zaidi na daftari la mapato. Kukwama kulikuwa sehemu ya biashara. Infocom, waliotoa Zork, waliuza vijitabu vilivyochapwa kwa wino usioonekana: mchezaji aliyeshindwa alipitisha kalamu maalumu juu ya ukurasa na dokezo likajitokeza mstari kwa mstari. Sierra walikuwa na laini ya simu ya kulipia, unapiga unaambiwa ufanye nini. Fumbo gumu lilikuwa njia rahisi ya kurefusha gemu fupi: halihitaji mchoraji wala mwigizaji, na linamkalisha mteja wiki mbili mbele ya mlango mmoja. Intaneti ilipoingia majumbani, majibu yote yakapatikana bure, na gemu ya miezi miwili ikawa gemu ya jioni tatu. Mtengenezaji akapoteza zile saa zake za bei nafuu wakati uleule alipokuwa akilipa zaidi kwa zile za bei ghali. Paka wa Gabriel alikuwa dalili tu.

Mkereketwa anaomba tena nafasi, na safari hii ana tarakimu. “Februari 2012 Tim Schafer, mtunzi wa Grim Fandango, aliwaomba watu kupitia Kickstarter dola 400,000 atengeneze gemu ya visa kama za zamani. Zaidi ya watu 87,000 walimchangia dola milioni 3.3. Mmesikia? Mara nane! Wapenzi tupo.” Tupo, wala sijawahi kubisha. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya hoja yangu. Lakini fedha ile ilifanya nini? Kwa sababu mchango ulikuwa mkubwa, gemu nayo ikakuzwa: michoro zaidi, waigizaji wenye majina, muziki wa okestra. Katikati ya mwaka 2013 Schafer akatangaza kwamba fedha hazitoshi. Gemu hiyo, Broken Age, ikakatwa vipande viwili, cha kwanza kikauzwa Januari 2014 ili mapato yake yasaidie kukimaliza cha pili, kilichotoka Aprili 2015. Mara nane ya alichoomba haikutosha. Simlaumu, kwani gemu yenyewe ni nzuri na kila dola inaonekana kwenye kioo. Ninachosema ni kwamba katika aina hii ya gemu hakuna mahali fedha inapojaa ikatosheka. Ukiipa gemu ya visa fedha mara nane inavaa vizuri zaidi, lakini haiishi mara nane zaidi.

Mfano wa Telltale ni mchungu zaidi, na ndio unaopaswa kusomwa na kila anayeota kuzifufua. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 2004 na watu waliotoka LucasArts. Walifikiri vizuri: wauze kisa kwa vipande kama tamthilia, waigizaji walewale na mandhari zilezile zitumike kipande baada ya kipande, bei ya kila kimoja iwe ndogo. Hilo lilikuwa jibu halisi kwa tatizo la gharama, na kwa miaka kadhaa waliishi bila makuu. Mwaka 2012 wakatoa The Walking Dead. Mafumbo karibu yote waliyaondoa, wakaweka maamuzi: mtu mzima, Lee, anamlinda mtoto, Clementine, na mchezaji ana sekunde chache za kuchagua aseme nini au amwokoe nani. Ilizoa tuzo za gemu bora ya mwaka. Kuanzia hapo wakaanza kunenepa. Wakachukua leseni za Game of Thrones, Borderlands, Batman, Minecraft, wakaajiri mamia, wakawa na misimu kadhaa jikoni kwa wakati mmoja. Septemba 2018 waliwaachisha kazi takriban watu 250 kwa siku moja, bila kiinua mgongo, wakabaki 25.

Watu husema wachezaji walichoshwa na fomula. Ni kweli, lakini fomula ile ilitoka wapi? Mchezaji aliyemaliza msimu mmoja hugundua kwamba maamuzi yake, yaliyomtoa jasho, yanarudi kwenye barabara ileile: uliyemwokoa leo atakufa kipande kijacho. Hilo halikutokana na uvivu wa watunzi. Barabara mbili za kweli zinagharimu mara mbili, na ya pili itaonwa na nusu tu ya wateja. Kwa waigizaji, michoro na miondoko ya Telltale hesabu hiyo haikubali. Linganisha na 80 Days, iliyotolewa na studio ya Kiingereza ya inkle mwaka 2014. Humo safari ya kuizunguka dunia ina miji zaidi ya 150 na njia zisizohesabika kirahisi, na maamuzi ni maamuzi kweli, kwa sababu karibu kila kitu kimeandikwa. Aya nyingine ni mchana mmoja wa mwandishi. Tukio jingine la Telltale ni mwezi wa idara nzima. Ninaposema udogo simaanishi umaskini wa fikra, maana ni udogo huo uliowapa inkle uhuru ambao Telltale na leseni zao zote hawakuweza kuununua. Wajerumani wa Daedalic pia walijifunza kwa njia ngumu: waliishi miaka mingi huko Hamburg kwa gemu za visa za kiasi kama Deponia, kisha mwaka 2023 wakatoa gemu kubwa ya Gollum, ikazomewa, wakaifunga idara ya utengenezaji.

Mhasibu amekuwa akisubiri kwa utulivu. “Umewasahau Quantic Dream. Heavy Rain ya 2010 ilikuwa gemu ya visa, ilikuwa ghali, na iliuza mamilioni. Detroit: Become Human ya 2018 vilevile. Tarakimu zinakukataa.” Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote. Ni nani aliyelipia gemu hizo? Sony, na Sony ilikuwa na kitu kingine cha kuuza: mashine ya PlayStation, ambayo nyuso za Quantic Dream ziliipamba kuliko tangazo lolote. Jambo hilo si jipya. IBM iliwalipa Sierra watengeneze King's Quest, iliyotoka mwaka 1984, ili kuonyesha uwezo wa kompyuta yake ya PCjr. PCjr ilishindwa sokoni na IBM ikaiacha mwaka uliofuata, lakini gemu ikahamia kompyuta nyingine na kuishi. Microsoft nayo ilipoiruhusu studio yake ya Obsidian kutoa Pentiment mwaka 2022, kisa cha mauaji katika Bavaria ya karne ya 16, mwongozaji wake Josh Sawyer alisema wazi kwamba bila huduma ya kulipia kwa mwezi ya Game Pass asingeipendekeza hata kidogo. Gemu kubwa ya visa inawezekana, basi, pale tajiri anapoilipia kwa sababu zake. Hao ni wafadhili, wala sibezi ufadhili, maana mashairi mengi mazuri ya dunia yameandikwa chini ya kivuli cha sultani. Ila sultani akibadili nia hana haja ya kutoa sababu, na mtunzi mwenye busara hajengi nyumba juu ya hisani.

“Na sisi tunaotazama?” Kijana anauliza. “Kwa nini ninunue kisa wakati kuna mtu kwenye YouTube anakicheza chote, tena anachekesha?” Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2016 watengenezaji wa That Dragon, Cancer, familia iliyosimulia ugonjwa na kifo cha mtoto wao, walieleza hadharani kwamba mamilioni waliitazama mtandaoni huku mauzo yakiwa hafifu. Kisa kinachonyooka kama reli kikishatazamwa kimeliwa, na hakuna sheria itakayobadili hilo. Lakini hapa ndipo fumbo, lile lililotukanwa kwa sababu ya paka, linarudi likiwa limetakata. Katika Return of the Obra Dinn ya mwaka 2018, kazi ya Lucas Pope karibu peke yake, mchezaji ni mkaguzi wa bima wa Kampuni ya Uhindi Mashariki. (Mhasibu, hatimaye kuna shujaa wa kada yako.) Meli imerudi bila mtu hai, na kati ya watu 60 waliokuwamo inabidi ajue kila mmoja ni nani na alipatwa na nini. Anasikia lafudhi, anatazama viatu, anahesabu nani hulala kwenye kitanda gani. Gemu haithibitishi jibu mojamoja, inasubiri mpaka yawe sahihi matatu ndipo inayakubali, kwa hiyo kubahatisha hakulipi na kukwama kwenye maiti moja hakumzuii kwenda kwa nyingine. Michoro yake ni ya rangi mbili tu. Huwezi kuimaliza Obra Dinn kwa kumtazama mtu mwingine, kwa sababu inachouza ni ile dakika unapoelewa wewe mwenyewe.

Her Story ya Sam Barlow, ya mwaka 2015, ni ndogo zaidi: mwigizaji mmoja, Viva Seifert, anahojiwa na polisi ambao hawasikiki. Mchezaji anapewa kisanduku cha kuandika neno. Akiandika neno, anaonyeshwa vipande vya video ambamo mwanamke yule analitamka, lakini vitano vya kwanza tu, hata kama viko kumi na tano. Kwa hiyo ni lazima afikirie neno gani mtu mwenye siri angelitaja mwishoni badala ya mwanzoni. Hakuna zimwi, hakuna andazi. The Case of the Golden Idol ya mwaka 2022 ni kazi ya ndugu wawili wa Latvia, yenye sura mbaya za makusudi na picha zinazosogea kwa shida, ambamo mchezaji hukusanya maneno na kuyapachika kwenye nafasi ili kueleza nani kaua nani. Ilifanikiwa kiasi cha kupata muendelezo mwaka 2024. Na Wolpaw, yule aliyezisomea gemu hizi hukumu? Alikwenda Valve akaandika Portal ya 2007: mafumbo, kisa na mzaha, katika gemu ya saa chache.

“Unachagua waliofanikiwa,” Mhasibu ananipiga kumbo la mwisho. “Kwa kila Golden Idol kuna mamia zilizotoka kwenye duka la mtandaoni la Steam na hazikununuliwa hata na shangazi wa mtengenezaji.” Namkubalia, na simwahidi yeyote utajiri. Ila gemu ya watu wawili ikishindwa, inapotea miaka miwili ya watu wawili. Ya Telltale iliposhindwa, walipoteza kazi 250 na leseni zikabaki kwa wenyewe. Tangu 2006 Dave Gilbert wa Wadjet Eye, New York, anatoa gemu za visa, nyingi zenye michoro ya vinukta kama ya 1993 na zilizotengenezwa kwa programu ya bure iitwayo Adventure Game Studio, na anaendelea mpaka leo. Hakuna anayemwandika kwenye kurasa za biashara. Lakini ametimiza alichoshindwa kila mkubwa niliyemtaja: kuendelea kutoa gemu moja baada ya nyingine.

Neno la mwisho ni kwa Kijana, kwa kuwa yeye ndiye mwenye muda. Unazijua gemu za vibanda vya mitaani, pale unapolipia mechi au saa na mwenzako amekaa kando akingoja zamu. Gemu ya visa haikupata nafasi pale na isingeipata, kwani haina mechi na mara nyingi imejaa Kiingereza. Usiilete kibandani. Chukua Twine, programu ya bure iliyotengenezwa na Mmarekani Chris Klimas mwaka 2009. Kompyuta kuukuu inaiendesha, haidai ujuzi wa kuandika programu, na kazi yako ikikamilika inatoka kama faili ya ukurasa wa wavuti ambayo simu ya rafiki yako itaifungua. Andika kisa cha chumba kimoja, chenye fumbo moja ambalo msomaji mwenye akili atalitegua kwa haki, kwa Kiswahili chako cha kila siku. Watumie watu ishirini, uone wanakwama wapi. Ukikipenda, ongeza chumba cha pili. Na akija mtu kukupa fedha mara nane ya ulizoomba, mwambie akupe zile ulizoomba.